Iga Macho ya Jim Rogers, Achana na Utabiri Wake

Vijana wanaoanza kuweka akiba huniletea jina la Jim Rogers mara kwa mara. Kwa kawaida wametumiwa kwenye simu kipande cha video ambamo mzee huyo Mmarekani, tai ya kipepeo shingoni, anaonya kwamba anguko la masoko linalokuja litakuwa baya kuliko yote aliyoyaona maishani mwake. Wanataka kujua wafanye nini. Wanunue dhahabu? Wauze hisa chache walizonazo za benki? Shilingi zote wazigeuze dola?

Ninachowajibu ni kwamba Rogers ana mengi ya kumfundisha mtu wa kipato cha kawaida wa Mwanza, Mombasa au Lubumbashi, ila somo lenyewe haliko kwenye utabiri. Onyo hilo la anguko amelirudia mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi masoko yamepanda huku yeye akionya. Aliyekaa pembeni kwa kumsikiliza alikosa magawio na akakosa ongezeko la bei. Somo liko katika namna alivyotazama nchi na biashara zake. Na katika kutazama huko, mtu anayesema Kiswahili ana mtaji ambao Rogers hakuwa nao.

Alizaliwa mwaka 1942 na kukulia Demopolis, mji mdogo wa jimbo la Alabama, ambako akiwa mtoto wa miaka mitano alikuwa akiokota chupa tupu na kuuza karanga kwenye michezo ya besiboli. Alisoma historia Chuo Kikuu cha Yale, kisha akaenda Oxford. Mwaka 1973 yeye na George Soros walianzisha mfuko wa uwekezaji ambao baadaye ulijulikana ulimwenguni kote kwa jina la Quantum. Soros alikuwa hodari wa kununua na kuuza. Rogers alikuwa mtafiti, mtu wa kusoma hesabu za makampuni hadi maelezo ya chini yaliyoandikwa kwa herufi ndogo. Katika muongo ule mfuko huo ulikua kwa asilimia 4,200, wakati kipimo cha S&P 500 cha soko la Marekani kiliongezeka kwa asilimia 47 hivi. Mwaka 1980, akiwa na miaka 37, Rogers aliaga.

Kilichofuata ndicho kilichompa jina kwa wasomaji. Kati ya mwaka 1990 na 1992 aliizunguka dunia kwa pikipiki, akapita Sahara na kuivuka Zaire ya wakati ule, akaandika kitabu. Januari 1999 aliondoka tena, safari hii kwa gari la njano la Mercedes lililotengenezwa kwa ajili yake, pamoja na Paige Parker ambaye walifunga ndoa njiani. Walirudi Januari 2002 wakiwa wamepita nchi 116. Hapo tena pakatoka kitabu.

Wengi wanaposimulia maisha haya hukimbilia gari la njano. Mimi ningependa msomaji akae kwanza na jambo lililotokea Oktoba 1973, kabla ya safari zote hizo.

Vita vya Waarabu na Israeli vilipozuka mwezi huo, ndege za Israeli, zilizosifika kuwa bora zikiendeshwa na marubani bora, ziliangushwa kwa wingi katika siku za mwanzo. Kila gazeti liliandika. Rogers akauliza swali ambalo mtu yeyote angeweza kuuliza: kwa nini ndege bora zinaanguka? Akakuta kwamba Wasovieti walikuwa wamewapa Wamisri makombora na vifaa vya elektroniki vya kisasa, ilhali Marekani, iliyomaliza fedha zake Vietnam, ilikuwa imebaki nyuma katika fani hiyo. Swali la pili likazaliwa hapo: Marekani itakubali kuendelea kubaki nyuma? Haiwezi. Basi nani atalipwa kutengeneza vifaa hivyo? Akafuatilia, akazungumza na wanaohusika wizarani na viwandani, akasoma hesabu. Makampuni ya ulinzi yalikuwa hoi wakati ule, na Lockheed ilikuwa ikielekea kufilisika, hisa zake zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Mfuko ukanunua. Serikali ilipoanza kumwaga fedha, bei zikapaa.

Tazama vizuri alichokifanya. Vita havikutabiriwa na Rogers. Alisoma habari ile ile waliyoisoma wote, akaifuata hatua tatu mbele, na kila hatua akaihakiki kwa kuuliza watu na kusoma karatasi. Mwalimu wa sekondari anaweza kufanya hivyo. Muuza vipuri anaweza pia, tena huenda akafanya vizuri zaidi kwa sababu habari za biashara zinamfikia dukani kabla hazijafika gazetini.

Nichukue mfano wa kwetu. Simama Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, utazame foleni ya malori. Mengi yanayoingia yanatoka Kolwezi na Lubumbashi nchini Kongo, yamepita mpaka wa Kasumbalesa na kuikata Zambia nzima, yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Mzigo ni mabamba ya shaba, yamefungwa kwa mikanda ya chuma, mafungu machache tu sakafuni mwa tela, kwa sababu shaba ni nzito na tela hufika uzito wake kabla halijajaa machoni. Msafiri wa kawaida huona lori tupu. Dereva anajua ni mzigo wa thamani ya nyumba kadhaa. Pembeni, vijana wenye vibunda vya kwacha na shilingi wanabadilisha fedha wakiwa wamesimama.

Foleni ikirefuka, inasema nini? Hapo ndipo watu hukosea. Aliyesoma kwamba shaba inahitajika sana kwa magari ya umeme atakwambia foleni ndefu ni dalili ya neema. Inawezekana. Lakini huenda mtandao wa forodha umelala tangu jana, au mizani imeharibika, au kuna mgomo upande wa pili. Nunua chai, kaa na madereva. Waulize wamesubiri siku ngapi, safari iliyopita walisubiri ngapi, nauli ya tani moja imepanda au imeshuka, na je, tajiri wao anaongeza magari au anauza? Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko yote, maana mwenye malori huweka fedha yake mwenyewe pale anapoamini. Baada ya hapo ndipo utajua kama kuna la kufuatilia: bandari, mafuta, matairi, bima, benki zinazokopesha wasafirishaji. Na katika hizo, zipi zina hisa sokoni ambazo mtu kama wewe anaweza kununua.

Rogers alifanya maongezi kama haya kupitia wakalimani nusu ya dunia. Wewe, kutoka Mombasa hadi Lubumbashi, kupitia Bujumbura na Bukavu, unaongea moja kwa moja. Mama anayeuza vitenge Goma atakueleza bei ya jumla na atakueleza pia nani amefunga duka mwezi uliopita. Huo ni utajiri wa taarifa ambao mtaalamu wa London anaulipia na bado anaupata nusu nusu. Inanisikitisha kuona kijana mwenye nafasi hiyo akikesha akitazama mishale ya sarafu za kidijitali asizozielewa, huku soko alilozaliwa ndani yake halitazami kabisa.

Kuna alama moja ambayo Rogers aliiangalia kila alipovuka mpaka: tofauti kati ya bei rasmi ya fedha za kigeni na bei ya mtaani. Tofauti hiyo ni kama joto la mgonjwa. Haikwambii ugonjwa, inakwambia upo. Wakenya waliiona wenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola ilitangazwa kuwa shilingi 123 na ushei, lakini waagizaji wa bidhaa Nairobi walilalamika kwamba benki zinawauzia kwa bei iliyo juu sana ya hiyo, tena kwa mgao. Aliyesikia malalamiko yale na kuyazingatia alijua shilingi itateremka. Ikateremka kweli, hadi Januari 2024 dola ikafika 160 na zaidi. Sasa ndipo umati ukaamka, watu wakabadilisha akiba zao kwa hofu. Februari serikali ikafanikiwa kuuza hatifungani mpya ya dola nje ya nchi, ili ilipie ile ya mwaka 2014 iliyokuwa karibu kuiva, na katika wiki chache dola ikarudi hadi 130 hivi. Waliokimbilia dola kwa 160 walipoteza karibu sehemu moja katika tano ya thamani kwa shilingi. Alama ni ya kusomwa mapema, ikiwa bado ni minong'ono ya wafanyabiashara. Ikishakuwa kichwa cha habari, kaa kitako.

Botswana ilimvutia kwa njia hiyo hiyo ya kutazama. Katika safari ya pikipiki alikuta nchi yenye barabara nzuri, akiba kubwa ya fedha za kigeni, sarafu inayobadilishika bila kificho, na soko changa la hisa lenye makampuni machache tu ambayo hakuna mtu wa nje aliyeyajali. Alinunua, akaziacha hisa hizo zikae miaka. China alianza mapema zaidi: mwaka 1988, kabla hata Soko la Hisa la Shanghai halijafunguliwa upya, alinunua hisa ya benki kwenye kaunta ndogo mjini humo. Ile hisa moja haikumtajirisha. Ilimlazimisha kujua hisa zinauzwaje pale, karatasi zake zikoje, nani anaweka daftari. Hii ni mbinu ninayoipendekeza kwa dhati kwa anayeanza: nunua kiasi kidogo sana, ambacho ukikipoteza hakitaigusa ada ya mtoto, kwa lengo la kujifunza njia nzima kuanzia kufungua akaunti hadi gawio kuingia benki. Ukishaipita njia hiyo mara moja, ndipo uongeze.

Sasa yale ya kuyaacha. Mwaka 1970 Rogers aliona soko la Marekani litaanguka, akaweka fedha zake juu ya anguko hilo, likaja, mtaji wake ukawa mara tatu. Soko likapanda kidogo. Akaona makampuni sita ambayo aliamini hayana maisha, akakopa hisa zake na kuziuza, akitarajia kuzinunua tena kwa bei ya chini ili arudishe. Bei zikaendelea kupanda. Mwenye kukopa hisa hawezi kusubiri kama mwenye mali yake. Dalali akitaka dhamana iongezwe, unalipa au unatolewa. Katika miezi miwili hivi alikuwa amepoteza kila kitu. Yale makampuni sita baadaye yalifilisika kweli, kama alivyosema. Alikuwa sahihi, na alikuwa hana senti.

Msomaji wa Kenya ana kumbukumbu ya karibu zaidi. Mwaka 2008 Safaricom ilipouza hisa kwa umma kwa shilingi 5, watu wengi walichukua mikopo ya benki wanunue. Maombi yalikuwa mengi mno, kila mmoja akapata sehemu ndogo ya alichoomba, na mwaka uliofuata bei ikashuka hadi chini ya shilingi 3. Aliyenunua kwa akiba yake alivumilia, akapokea magawio, na mwaka 2021 akaiona hisa hiyo ikivuka shilingi 40. Aliyenunua kwa mkopo wa miezi michache aliuza kwa hasara ili airidhishe benki. Kampuni ni ile ile, bei ya kununulia ni ile ile, na wote wawili walikuwa sahihi kuhusu Safaricom. Kama kuna sentensi moja katika makala haya ambayo ningeomba uisome kwa mwenzi wako leo jioni, ni hii: usinunue hisa kwa mkopo wa mshahara, hata kama rafiki yako wa benki anasema ni wa riba nafuu.

Kuhusu bidhaa ghafi, Rogers alikuwa na bao lake la kweli. Mwaka 1998, wakati mafuta na madini yalikuwa yamesahaulika, alianzisha kipimo chake cha bei za bidhaa hizo, na miaka kumi iliyofuata ikawa ya neema kwazo. Lakini kitabu chake cha mwaka 2004 kilitarajia neema hiyo iendelee hadi mahali fulani kati ya 2014 na 2022. Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta lilikuwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilikuwa chini ya 30. Mkulima wa korosho wa Mtwara au wa kahawa Kagera hahitaji kuongezewa hatari ya namna hiyo. Maisha yake tayari yamefungwa na bei ya zao moja. Akiba yake ni afadhali ikae mahali ambapo msimu mbaya wa korosho hauwezi kuifikia.

Na kuna hatari ambayo macho hayaioni hata ukipita nchi nzima kwa gari. Kwa muda mrefu Rogers aliidharau Urusi kama mahali pa kuwekeza, baadaye akageuka, akanunua, na mwaka 2014 akaingia katika bodi ya kampuni ya mbolea ya PhosAgro. Februari 2022 vita vya Ukraine vilipopanuka, soko la Moscow liliwafungia mlango wawekezaji wa nje: una hisa, huwezi kuuza. Hakuna foleni mpakani wala bei ya mtaani iliyowaambia siku. Ndiyo maana hata nchi unayoipenda na kuijua isibebe akiba yako yote, na hilo linahusu pia ndugu zetu walioko Muscat, Dubai na Minneapolis wanaotuma kila senti kwenye kiwanja kimoja nyumbani.

Tena macho yenyewe yana mipaka. Rogers amesimulia bila kuficha jinsi alivyonunua almasi barani Afrika. Muuzaji alianza na bei kubwa mno, Rogers akapatana hadi dola 500, akaondoka akijiona mjanja. Alipofika Tanzania aliionyesha kwa mfanyabiashara wa almasi, naye akacheka: ni kioo. Mtu aliyeisoma Lockheed hadi mifupani alinunua jiwe ambalo hakuwa na ujuzi wa kulipima, kwa sababu tu bei ilishuka sana. Punguzo kubwa linalevya. Kwa hiyo kabla hujamkabidhi mtu fedha, pima kile ambacho hukijui kupitia anayekijua. Tanzania, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ina orodha ya madalali wenye leseni. Kenya, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji inayo pia. Jina lisipokuwepo kwenye orodha, hakuna mazungumzo zaidi, hata kama aliyekuletea ni shemeji au mchungaji. Waliopitia upatu wa DECI nchini Tanzania mwaka 2009 wanajua jinsi fedha inavyopita haraka mikononi mwa watu tunaosali nao.

Wapi pa kuanzia? Kama hujawahi kuwekeza, usianze na hisa moja uliyoisikia baa. Vipande vya mifuko ya UTT kwa Tanzania, au mifuko ya pamoja ya masoko ya fedha kwa Kenya, hukupa nafasi ya kuzoea bila kuchagua kampuni. Hatifungani za serikali zinafuata: Tanzania unaweza kuomba kuanzia shilingi milioni moja, Kenya kuanzia shilingi 50,000, na riba hulipwa kila baada ya miezi sita. Hisa zije baada ya hapo, kwa makampuni ambayo bidhaa zake unazishika na wateja wake unawafahamu.

Halafu usubiri. Rogers alimweleza mwandishi Jack Schwager kwamba muda mwingi hafanyi chochote. Hungoja mpaka fedha ionekane wazi pale kwenye kona, ndipo aende kuiokota. Hili ni gumu kuliko utafiti wote, kwa sababu dalali anaishi kwa kamisheni na simu inaishi kwa kukuamsha. Fedha inayosubiri iweke kwenye hivyo vipande au hatifungani fupi, ipate riba wakati wewe unatazama.

Weka daftari, la karatasi kama unapenda. Kabla hujanunua hisa yoyote andika kwa lugha yako ya kawaida kwa nini unanunua, nani alikwambia, ulikwenda kuona nini, na jambo gani likitokea utauza. Bei kushuka isiwe jibu la swali hilo la mwisho. Jibu liwe kuhusu biashara: mshindani amefungua kiwanda, deni limepita kiasi fulani, meneja aliyeijenga ameondoka. Miezi sita baadaye, unapopata kishawishi cha kuuza, soma ulichoandika, si kile kinachosemwa kwenye kundi la WhatsApp.

Na ukishakuwa mwanahisa, hata wa hisa chache, nenda kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Nauli ya daladala inakutosha kufanya walau sehemu ya kazi aliyoifanya Rogers kwa kuvuka nchi. Wengi huja kwa ajili ya mfuko wa zawadi na chakula cha mchana. Wewe njoo umesoma taarifa ya fedha, hasa mizania na maelezo yaliyo nyuma yake. Tazama kama wadaiwa wanaongezeka haraka kuliko mauzo, maana kampuni inaweza kutangaza faida nzuri huku fedha iko mifukoni mwa wateja wasiolipa. Simama uulize: kati ya deni hili, kiasi gani kimepita siku tisini, na nani mdaiwa mkubwa? Andika jibu daftarini, na andika pia kama mkurugenzi alijibu mwenyewe au alimgeukia mhasibu.